Sindano ya Jikoni

Fundi Pindo hakuwa mwoga wa watu. Alikuwa mwoga wa mambo. Mlete jambazi dukani kwake, atamwuliza kwanza suruali anaitaka pana au nyembamba. Lakini mwambie kuna mtoto anakohoa nyumba ya tatu, na siku hiyo chakula hakimpiti kooni. Ndivyo alivyoumbwa, na mke wake, Mungu amrehemu, alimcheka kwa hilo mpaka mwisho wa uhai wake. Sasa mke hakuwepo, na binti yao wa pekee alikuwa amerudi kwa baba kujifungua mimba yake ya kwanza, kwa kuwa mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu na wakati huo alikuwa njiani na shehena ya saruji. Siku ya kuondoka, mkwe alimshika fundi mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Baba, nakuachia."  Tangu hapo fundi alitembea ndani ya nyumba yake kama mtu aliyebebeshwa trei ya mayai akaambiwa apande ngazi.

Binti mwenyewe wala hakuwa na habari. Tumbo limemtangulia, anacheka, anakula, anajibizana na redio. Kitu kimoja tu kilimsumbua, nacho ni hamu. Hakutaka kuku, hakutaka samaki. Alitaka nyama ya kondoo, tena ile ya baba, ya kushonwa.

Hapa yafaa kueleza. Kwa muuza nyama wa mtaa ule, mapaja na minofu mizuri ilining'inia mbele, ikipepewa, kila mpita njia aione. Nyuma, kwenye sinia la bati, ndiko vilikolazwa vipande vya shingo na vidari, vile ambavyo wenye uwezo huvipita bila hata kuvisalimu. Fundi aliingia moja kwa moja nyuma. Kidari cha mwana-kondoo ni nyama ya mtu asiye na haraka: utando wa mafuta juu, mafuta mengine katikati, na nyama yenyewe imejibanza kati ya mbavu kama inaona haya. Ukiipika mbio mbio utatafuna soli ya kiatu. Ukiipa moto mdogo na saa zake, inalainika mpaka unaweza kuila kwa kijiko.

Alikuwa na namna yake. Alizitoa mbavu kwa ncha ya kisu, akakitandaza kidari mezani, akakipaka vitunguu vilivyokaangwa, saumu, pilipili manga na chenga za mkate wa juzi, kisha akakikunja kama mkeka. Watu wengine hapo hufunga kwa kamba. Fundi hakuweza kuvumilia kitu kinachofungwa wakati kinaweza kushonwa. Alishona kwa uzi mweupe wa pamba, mshono ule wa magunia ya unga, ambao ukivuta ncha moja wote unafumuka. Na kwa kuwa sindano nene huchana nyama, alitumia sindano nyembamba ya chuma iliyokuwa na kazi hiyo tu. Ilikaa jikoni, imechomekwa kwenye kizibo, kizibo kimekaa rafuni kando ya kopo la chumvi. Hiyo ilikuwa sheria aliyoiweka yeye na marehemu: sindano ya nguo haiingii jikoni, na sindano ya jikoni haitoki.

Sheria hiyo ilidumu miaka yote bila matata, mpaka walipokuja paka.

Paka mama hakuwa wao. Aliingia dirishani siku ya mvua, akakagua nyumba kama mpangaji mwenye pesa, akachagua kapu la vipande vya vitambaa na kuzalia humo. Fundi alitaka kulitoa kapu nje. Binti akamkazia macho: "Baba, mzazi mwenzangu huyo. Ukimtoa yeye, unitoe na mimi." Basi wakabaki, yeye na watoto wake watatu. Zipu, kwa sababu hupanda na kushuka bila taarifa. Kifungo, kwa unene. Na Pamba, mweupe, ambaye husikia mlango ukifungwa mtaa wa pili na kuingia chini ya kabati. Binti alisema huyo ndiye mrithi halali wa fundi.

Asubuhi ya siku ile ya mapumziko fundi alikuwa mezani jikoni anamalizia mshono. Alikata uzi kwa mkasi, akabaki na sindano mkononi na mkia wa uzi ukining'inia. Kwa Zipu, mkia wa uzi ni wito. Aliruka kutoka kwenye stuli, akatua katikati ya maganda ya vitunguu, akaurukia uzi. Wakati huohuo Kifungo, huku chini, alikuwa amefanikiwa kung'ata taulo la jikoni lililoning'inia pembeni mwa jiko, na juu ya taulo palikuwa na mfuniko wa sufuria kubwa. Mfuniko ulianguka kwa kishindo ambacho Pamba hajakisahau hadi leo. Fundi alimnyaka Zipu shingoni, akauokota mfuniko, akazima moto uliokuwa unakaribia kulamba taulo, akawasha tena.

"Baba, kuna nini huko?" binti aliuliza kutoka chumbani.

"Hakuna kitu! Ni hawa watoto wa mwenzako!"

"Wajukuu zako wewe!"

Alikitumbukiza kidari sufuriani juu ya mifupa ya shingo, akamimina maji, akapunguza moto mpaka ukabaki duara dogo la buluu, akafunika. Kisha akanawa mikono na kujisifu kimoyomoyo kwamba ameiokoa nyama na nyumba kwa pamoja.

Nyama ilichemka polepole asubuhi nzima. Harufu ilitambaa ukumbini, ikapanda ngazi kwa majirani, na paka wote wanne wakapiga kambi mlangoni. Binti alikuwa anakwenda na kurudi chumbani, mkono kiunoni. Fundi alipomwuliza akasema anajinyoosha.

Wakala mchana. Fundi aliweka kidari kwenye sahani, akakamata ncha ya uzi, akavuta. Uzi ukatoka wote mara moja, mrefu, unang'aa mafuta, na binti akapiga makofi kama alivyopiga tangu akiwa hajaota meno. Fundi akakata vipande vinene. Binti alikula kipande cha kwanza bila kusema neno, na cha pili macho yamefumbwa.

"Baba, imepungua chumvi kidogo."

Fundi akaenda rafuni. Akanyoosha mkono kuchukua kopo, na hapo akakiona kizibo. Kizibo kilikuwa kitupu.

Kwanza hakuogopa. Aliangalia nyuma ya kopo. Akakipindua kizibo, eti labda sindano imezama ndani. Akaangalia mezani, kwenye maganda, kwenye ubao wa kukatia. Kisha akajaribu kukumbuka, na kumbukumbu yake ikafika mpaka pale Zipu alipoufikia uzi, ikakatika. Sindano ilikuwa mkononi. Mfuniko ukaanguka. Baada ya hapo mkono ulikuwa mtupu. Na kati ya mambo hayo mawili, hapo hapo chini ya mkono, kilikuwepo kidari kimejilaza, kina mikunjo, kinangoja kuingia sufuriani.

 Akageuka.

"Mwanangu," alisema, na sauti haikuwa yake. "Unatafuna vizuri?"

"Baba, hii nyama haihitaji kutafunwa. Inateleza yenyewe."

Maneno hayo yalimmaliza. Alishika ukingo wa rafu. Aliiona ile sindano, nyembamba, laini, imefunikwa mafuta, ikiteleza pamoja na nyama kwenda chini, kule ambako kichwa cha mtoto kimelala. Alijua ukali wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiinoa.

Angesema. Mtu yeyote angesema. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini wiki iliyopita nesi wa kliniki alikuwa amemvuta pembeni akamwambia presha ya binti imeanza kupanda, kwa hiyo asikasirishwe, asishtuliwe, apumzike. Sasa amwambie nini mtu asiyetakiwa kushtuliwa? Kwamba amekula sindano? Akisema, presha itapanda. Asiposema, sindano inatembea. Fundi alisimama kati ya hayo mawili, kopo la chumvi mkononi, na akachagua kile ambacho woga huchagua siku zote, yaani kungoja kidogo.

"Nipe sahani nikuongezee," akasema.

Alikwenda nayo jikoni, akakichambua kile kilichobaki nyuzi kwa nyuzi, akapitisha vidole mpaka kwenye mafuta, asikute kitu. Akamrudishia nyama imekatwa vipande vidogo vidogo.

Binti akaitazama sahani. "Mimi sina meno?"

"Ni kwa ajili ya… tumbo. Isikulemee."

"Makubwa haya," binti akasema, akaila.

Fundi akajifungia jikoni. Ukutani dukani kwake, chumba cha mbele, ilining'inia sumaku ya kuokotea pini, imefungwa kwenye kamba. Aliichukua. Akaiburura sakafuni, chini ya meza, chini ya jiko. Ilinasa pini ya kichwa cha buluu, moyo ukamruka. Ikanasa kifuniko cha soda, moyo ukamruka tena. Akaizamisha sufuriani, akaizungusha kwenye supu polepole kama mvuvi wa kisimani, ikatoka na mafuta matupu. Akaipitisha kwenye mifupa ya shingo, mfupa mmoja mmoja. Kwa Zipu na Kifungo hiyo ilikuwa sikukuu. Kitu kwenye kamba, kinatembea chini, na mzee yuko magotini! Walikirukia, wakakipiga ngumi, wakalala chali wakikikumbatia kwa miguu minne.

Hapo akapata wazo. Kama Zipu aliukamata uzi, huenda aliumeza, na sindano nyuma yake. Paka hufanya hivyo, alishasikia. Alimshika, akamlaza chali kiganjani, akampitishia sumaku tumboni, kutoka kifuani mpaka mkiani. Alibana pumzi. Alikuwa anaomba, waziwazi, midomo inacheza: iwe humu, Mungu wangu, iwe humu ndani ya huyu. Sumaku haikushika. Zipu alidhani anakunwa, akaanza kukoroma kwa raha, macho nusu, ile ngoma ndogo ya tumbo ikipanda na kushuka. Fundi aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Alimweka chini, akampitishia Kifungo, akamfuata Pamba chini ya kabati na kumpitishia naye. Hakuna kitu.

Basi ipo kwa mwanangu, alisema moyoni.

Bado alikuwa chini pale aliposikia kiti kinaburuzwa, kisha sauti ambayo haikuwa kicheko wala neno. Alifika ukumbini akamkuta binti ameinama, mikono yote miwili kwenye mgongo wa kiti, nywele zimemwangukia usoni.

"Baba. Tumbo."

"Linauma wapi? Juu au chini?"

"Linauma, baba."

"Linachoma? Kama kuchomwa, au kama kukamuliwa?"

"Baba!" Binti akainua uso, na uso ulikuwa umelowa. "Niitie gari!"

Jirani wa chini alikuwa na teksi, na wote walimwita Breki kwa sababu gari lake halikuwa nazo za kutosha. Alikuja na kandambili, akamsaidia binti kuingia nyuma, fundi akakaa kando yake. Njia nzima fundi aliyatazama matuta ya barabara kama maadui. Kila gari liliporuka, aliweka kiganja juu ya tumbo la binti, kama vile angeweza kuizuia sindano kwa nje.

"Taratibu, Breki. Taratibu kwenye tuta."

"Fundi," Breki akasema akimwangalia kwenye kioo, "mbona anayehema kama mzazi ni wewe?"

Hospitali walimpokea binti kwa kiti cha magurudumu. Nesi mkunga alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu aliyekwisha kuona kila kitu. Kabla hajaingia na mgonjwa wake mlangoni, fundi alimshika mkono wa gauni.

"Nesi, dakika moja. Kuna jambo."

"Mzee, kila mtu ana jambo. Huyu anazaa."

"Huenda amemeza sindano."

Nesi akasimama. Akamwambia mwenzake asukume kiti, kisha akamgeukia fundi kikamilifu. "Sindano gani?"

"Ya kushonea. Nilikuwa nashona nyama."

"Unashona nyama."

"Kidari. Cha kondoo." Fundi alisikia jinsi maneno yale yalivyosikika, lakini yalikuwa ndiyo hayo. "Ilikuwa mkononi, paka akaruka, mfuniko ukaanguka, na sasa haionekani. Nimetafuta hata kwa paka wenyewe. Naye amekula kidari karibu chote."

Nesi hakucheka, na kutocheka kwake kukamtisha fundi zaidi. "Amelalamika koo? Ametapika damu?"

"Hapana. Tumbo tu."

"Tumbo ni la uzazi, mzee, njia inafunguka. Lakini nitamwambia daktari." Alikwenda, akarudi. "Daktari anasema mtoto yuko karibu mno, hatuwezi kuanza kupiga picha sasa. Atoke kwanza. Tutakuwa macho. Yeye mwenyewe anajua?"

"Sijamwambia."

"Basi usimwambie sasa hivi. Kaa pale."

Alikaa pale. Palikuwa ni benchi la mbao, mkabala na mlango wenye kioo kilichopakwa rangi nyeupe. Nyuma ya mlango binti yake alianza kulia, na kila kilio fundi alikipima: hiki ni cha mtoto, hiki je? Hiki kilikuwa kikali mno, kilikatika ghafla, kilio cha kuzaa hakikatiki hivyo. Alijiona akiitwa. Alimwona daktari akivua glavu taratibu, jinsi wanavyofanya wakiwa na habari mbaya. Alijaribu kusali, kila sala ikaishia jikoni, pale mezani, mkono wake ukiwa juu ya nyama. Mikono hii, aliwaza. Imeshona magauni ya maharusi wa mtaa mzima, na itakuwa imemuua mwanangu kwa kipande cha kidari.

Simu ikalia. Alikuwa mkwe.

"Baba, shikamoo. Simpati kwenye simu yake. Mnaendeleaje?"

"Marahaba. Tuko… yuko leba. Ameanza."

Upande wa pili mkwe akapiga ukelele wa furaha, na nyuma yake ikasikika injini ya lori ikinguruma. "Yuko salama lakini?"

Fundi akafumba macho. "Kila kitu kiko sawa."

"Ahsante, baba. Najua yuko na wewe."

Alikata simu, akaishika kwa mikono miwili katikati ya magoti.

Mtoto alilia jua lilipokuwa linalala. Fundi alisikia, akasimama, akakaa, akasimama tena. Nesi akafungua mlango. "Wa kike. Mzima, ana mapafu ya mpiga debe."

"Na mama yake?"

"Mzima. Presha imetulia." Akashusha sauti. "Hiyo sindano yako hatujaiona, na hana dalili. Akishapumzika atapigwa picha. Ingia umwone, lakini usilete maneno."

Ikawa furaha nusu. Aliingia wodini, mstari wa vitanda na wanawake wamechoka, wengine wamelala, wengine wananyonyesha. Binti yake alikuwa wa dirishani, amepauka, anatabasamu. Fundi akaangalia tumbo lake kwanza kabla ya uso.

"Njoo umwone mjukuu wako wa kweli," binti akasema.

Nesi alimwinua mtoto, amefungwa kama mkate kwenye karatasi, akampa. "Mlaze begani, babu. Hivyo. Shika kichwa."

Fundi akamlaza begani. Kichwa kidogo kikaingia chini ya taya lake, shavu likajilaza juu ya kola ya shati lake, pumzi ya moto ikampuliza shingoni. Akamkumbatia kidogo. Na hapo akasikia, juu kidogo ya mtulinga, kitu kimoja chembamba kikimchoma.

Fundi aliyechomwa na sindano maisha yake yote haihitaji kuiona. Aliijua hata ni ipi. Na papo hapo akajua kilichotokea, kwa sababu hakuna fundi asiyefanya hivyo: ukikatizwa kazi, mkono hauulizi, unachomeka sindano kwenye nguo uliyovaa. Zipu alipourukia uzi, mkono wa fundi ulikuwa umeipeleka sindano mahali ambapo hakuna paka angefika, chini ya kola, uzi mweupe juu ya shati jeupe. Alikuwa ametembea nayo siku nzima. Alikuwa ameibeba mpaka hapa, na sasa ilikuwa kati ya shingo yake na uso wa mtoto.

Hakusogea. Hakuthubutu hata kumeza mate. Ncha ilikuwa upande wake, hilo alilisikia vizuri; lakini nguo ikivutika, mtoto akigeuza kichwa kutafuta ziwa kama wanavyofanya, itageuka.

"Mchukue," akasema.

Nesi akacheka. "Babu, hang'ati."

"Mchukue mtoto."

Binti akanyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Baba? Humtaki?"

"Mchukue, nesi, nakuomba. Mwinue kwenda juu. Usimburute. Juu, moja kwa moja."

Kitu fulani usoni pake kikamfanya nesi aache mzaha. Akaingiza mikono, akamwinua mtoto juu wima, kama mtu anayetoa chungu motoni. Mtoto akaanza kulia. Na shavuni, chini ya jicho, palikuwa na tone la damu.

Fundi aliliona. Sauti iliyomtoka iliwaamsha wanawake wa vitanda viwili vya jirani. Nesi akachukua pamba, akapangusa mara moja, akasogea dirishani penye mwanga, akapangusa tena, akapapasa kwa kidole.

"Ngozi nzima," akasema. "Hakuna kitu hapa. Damu ni yako, mzee."

Fundi akapeleka mkono chini ya kola. Akaichomoa, mkia wa uzi ukifuata. Akaishika mbele ya macho, akakaa chini sakafuni kati ya vitanda, akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana.

"Baba," binti akasema taratibu, "hiyo si sindano ya jikoni?"

Hapakuwa na la kuficha tena. Akamweleza yote, kizibo, sahani, sumaku, hata ile sala aliyosali juu ya tumbo la Zipu. Binti alisikiliza bila kumkatiza. Fundi alipomaliza alingoja acheke, kwa kuwa huyu ni mtu wa kucheka. Hakucheka.

"Yaani ulikaa pale unaniangalia nikila. Unadhani nakufa. Ukanikatia nyama vipande vidogo."

"Presha yako, mwanangu. Walisema usishtuliwe."

"Ningekufa bila kushtuka."

Fundi akainamisha kichwa. Binti akamtazama kwa muda, kisha akageukia dirishani. "Na mimi uchungu ulinianza alfajiri," akasema.

"Alfajiri!" Fundi akainua uso. "Na ukakaa? Ukala? Si ulisema unajinyoosha?"

"Ungeogopa."

 Mtoto alikuwa ananung'unika mikononi mwa nesi, anatafuta kitu cha kushika kwa midomo. Binti akampokea, akamtazama usoni, pale palipopanguswa damu, akapapasa mwenyewe kwa kidole gumba.

"Baba, huyu tusimlee hivi," akasema, na sauti yake ikakatika katikati. "Tumefichana siku nzima ndani ya nyumba moja. Kama mmoja wetu angekufa leo, angekufa peke yake."

 Fundi alifuta uso kwa kiganja, akampa nesi sindano, nesi akaitumbukiza kwenye kopo lake la sindano zilizotumika, ikalia kidogo ilipofika chini. Binti akamnyooshea mtoto.

"Njoo. Vua shati kwanza."

Akavua, pale pale mbele ya wazazi wote wa wodi ile, vidole vikigoma kwenye vifungo. Ndani alikuwa na fulana kuukuu, imetoboka kwapani; yeye anayeshonea watu. Mwanamke wa kitanda cha pili akageuza uso kuficha kicheko. Fundi akapitisha kiganja kwenye fulana, begani, kifuani, ubavuni, akarudia tena, na tena, mpaka nesi akaguna.

"Umemaliza?" binti akauliza.

"Bado." Mkono wake ulikuwa ungali kifuani. "Naogopa, mwanangu."

"Najua. Na mimi naogopa. Njoo hivyo hivyo."

Akasogea kitandani, akanyoosha mikono, akampokea mtoto.